Anajua bei zote za soko, lakini mtihanini hakumbuki kitu

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Busia upande wa Uganda, nauza vitunguu na nyanya. Nakuandikia kuhusu kijana wangu wa pili. Ana miaka 12, yuko P6, darasa la sita. Mwakani ndiyo PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, na usingizi umeshaanza kunipaa.

Shida ni kwamba hashiki. Jioni anasoma sebuleni kwa sauti, ukurasa mmoja mara tano, mara sita, mpaka hata mimi niliyeishia P5 najikuta nimekariri. Nikimwuliza usiku ule ule, anajibu bila kukwama. Wiki ikipita, hakuna kitu. Muhula huu waliulizwa Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka gani, akaandika 1967. Siku chache kabla ya hapo alinitajia yote: iliundwa 1967, ikavunjika 1977, mkataba wa kuifufua ukasainiwa Arusha 1999. Nilidhani amemaliza.

Hesabu ndiyo inanichanganya kabisa. Jumamosi huwa nami kibandani. Juzi mteja kutoka ng'ambo ya Kenya alichukua vitunguu vya 9,800, akatoa noti ya 500 ya kwao. Siku hiyo tulikuwa tunabadilisha shilingi moja ya Kenya kwa 28 za Uganda. Sijafungua hata mkoba, kijana ameshasema, "Mama, mrudishie elfu nne na mia mbili." Hakuandika popote. Lakini kwenye karatasi ya mtihani, 28 mara 35 ameandika 224!

Mwalimu wake anasema ana kichwa kigumu, hasikilizi, kila saa anachungulia daftari la mwenzake na kunong'ona. Anachapwa kwa hilo. Mjomba wake anayekaa nasi anasema ni uvivu mtupu, mbona kikosi cha Arsenal anakitaja mpaka wachezaji wa akiba? Shule nayo imeanzisha prepu, yaani masomo ya ziada, ya alfajiri kwa P6 na P7, kwa hiyo anaamka saa kumi. Kulala ni saa tano usiku, maana nataka arudie alichosoma. Na sasa jirani ameniambia kuna dawa ya maji ya kuongeza akili, inauzwa ghali kidogo.

Naomba unijibu: nimnunulie hiyo dawa? Nimrudishe P6 mwakani? Au niuze cherehani yangu nimpeleke bweni? Nimekutumia picha za kurasa mbili za daftari lake la SST (maarifa ya jamii), na karatasi ile ya hesabu.

Mama wa P6, Busia

*

Marahaba, mwanangu. Pole na mahangaiko.

Dawa achana nayo. Hakuna chupa inayomkumbusha mtoto kitu ambacho hakikumwingia. Vinavyomnyima mtoto umakini mara nyingi ni upungufu wa damu, minyoo, malaria ya kila mara na njaa, na hivyo vina tiba yake kituo cha afya na jikoni kwako: maharage, mukene (dagaa), mayai, mchicha wa dodo. Hela ya chupa hiyo nunua trei ya mayai.

Sasa picha. Nimezikuza kwenye simu nikazikalia muda mrefu, kwa sababu nilifundisha P6 miaka mingi na daftari huwa linasema mambo ambayo mtoto hasemi. Ukurasa wa kwanza ni notisi alizonakili ubaoni. Mwaka 1999 ameandika 1989. Arusha imekuwa "Arusna". Mlima Elgon, wenye mita 4,321, amepewa 4,327. Katikati ya ukurasa, sentensi ya makao makuu ya Jumuiya imekatika ghafla ikaungana na sentensi ya nchi wanachama, yaani ameruka mstari mzima na hakushtuka.

Ukurasa wa pili ni maswali aliyonakili kutoka karatasi iliyochapwa, nyumbani, mezani. Kilimanjaro iko sawa. Rwenzori iko sawa. Namba zote ziko sawa, hata mita 5,109 za kilele cha Margherita. Tarehe za juu zinaonyesha kurasa hizi zimepishana siku mbili tu. Mtoto ni yule yule, kalamu ni ile ile, mwandiko ni ule ule. Kilichobadilika ni umbali kati ya macho yake na maandishi.

Mwanangu, kabla hatujasema neno lolote juu ya kichwa chake, mpeleke akapimwe macho.

Rudia tena maneno ya mwalimu uone yanavyogeuka. Anachungulia daftari la mwenzake. Ananong'ona. Mtoto asiyeona ubao hufanya nini kingine? Huuliza jirani "hapo ameandika nini?" na kukopi kutoka kwake. Na usishangae kwamba hajawahi kukulalamikia. Kutoona mbali mara nyingi huanza taratibu katika umri wa shule, na mtoto hana macho ya mtu mwingine ya kulinganisha na yake. Anadhani ubao uko hivyo kwa kila mtu, wengine ni wajanja tu wa kuusoma.

Kuna jaribio unaloweza kulifanya leo jioni bila gharama. Malori huwa yamepanga foleni kuelekea mpakani. Simameni mahali salama, wewe soma kimoyomoyo namba ya lori lililo mbali kidogo, lile unaloliona vizuri lakini si la karibu. Kisha mwambie naye asome, jicho moja likiwa limefunikwa kwa kiganja, halafu lingine. Akikunja uso, akikodoa, au akikisia, umepata dokezo. Hata akisoma vizuri bado mpeleke, kwa sababu foleni ya malori haipimi kila kitu. Tororo kuna hospitali ya macho, na kutoka kwenu si mbali. Ukiwa huko omba pia masikio yatazamwe, hasa kama aliwahi kutokwa na usaha sikioni.

Utaniuliza macho yanahusiana vipi na kusahau mwaka 1977, na hapo alishautaja nyumbani. Yanahusiana sana. Kumbukumbu haipokei kila kilichoandikwa ubaoni. Inapokea kile ambacho mtu amekiona sawasawa kisha akakitilia maanani, na nafasi ya kukishikilia kwa wakati mmoja ni finyu kuliko tunavyofikiri. Nelson Cowan, mwanasaikolojia wa Marekani, alichambua tafiti nyingi mwaka 2001 akafikia hitimisho kwamba mtu mzima hushika kama vitu vinne hivi kwa mkupuo. Cha ajabu ni kwamba "kitu" kinaweza kuwa kikubwa au kidogo. Anayeona vizuri na anayeelewa hubeba sentensi nzima ya ubaoni kama kipande kimoja, akaishusha kwenye daftari pamoja na maana yake. Anayekodoa macho hubeba herufi mbili, anashusha, anainua kichwa, anatafuta tena alipoishia, ndipo anaporuka mstari. Kipindi kizima cha dakika 40 kinaisha kwa kuhamisha herufi. Mwalimu alieleza kwa nini Jumuiya ilivunjika, lakini wakati huo kijana wako alikuwa anatafuta "h" ya Arusha.

Kwa hiyo anaporudi nyumbani ana miaka mitatu tu isiyo na hadithi: 1967, 1977, 1999. Miwili ya kwanza inafanana kama pacha, tarakimu moja ndiyo tofauti. Miaka isiyo na kisa huparamiana kichwani, hata kwa mtu mzima. Mpe kisa. Mwambie mwaka 1967 Kenya, Uganda na Tanzania ziliunda Jumuiya zikiwa na reli moja, posta moja, ndege za shirika moja. Mwaka 1971 Idi Amin akachukua nchi, Nyerere akakataa kukaa naye meza moja. Wakubwa hawakutani, na wakati huo huo nchi zinagombana kuhusu nani anafaidi zaidi: miaka sita baada ya Amin kuingia, 1977, Jumuiya imekufa. Mpeleke mpaka kwenye geti la mpakani, mwulize wewe na vitunguu vyako mngepita vipi siku zile. Mtoto wa Busia kusahau Jumuiya ya Afrika Mashariki! Anaishi ndani yake.

Hapo ndipo mjomba amejikwaa, na naomba umsomee aya hii, kwa heshima zote. Arsenal si ushahidi wa uvivu. Ni ushahidi kwamba kumbukumbu ni nzima. Kijana anashika wachezaji kwa sababu kila jina lina mahali pa kukaa: nafasi yake uwanjani, goli alilofunga, ubishi wa jana na rafiki. Jina jipya likija linakuta wenzake. Tena ubishi wenyewe ni mazoezi, kila siku analazimika kuyavuta majina kutoka kichwani mbele ya watu. Notisi za SST hakuna anayembishia.

Na hilo linanileta kwenye kusoma kwake kwa sauti, ambako nitakuudhi kidogo. Unafurahi ukimsikia anarudia ukurasa mara sita. Mimi nikisikia hivyo najua muda unapotea. Kinachorudiwa huwa chepesi mdomoni, na wepesi huo unadanganya: msomaji anahisi anajua, na msikilizaji pia. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Marekani walichapisha jaribio lao juu ya jambo hili. Wanafunzi wa chuo walisoma kifungu, kisha wengine wakakisoma tena, na wengine wakafunga karatasi wakaandika walichokumbuka. Baada ya dakika tano, waliosoma tena walikuwa mbele. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliojipima walikumbuka asilimia 56, waliorudia kusoma 42. Ndicho kinachotokea sebuleni kwako. Usiku ule anang'aa, wiki ikipita amekauka.

Basi badilisha. Asome mara moja kwa utulivu, hata mara mbili. Daftari lifungwe. Akuambie alichosoma, kwa Kiswahili au Lusamia, lugha ya kwenu, kwanza, kwa maneno yake, maana anayeweza kueleza kwa lugha ya nyumbani ameelewa. Kisha aandike kwa Kiingereza, kwa sababu ndicho atakachoulizwa. Ndipo afungue aone alichoacha. Atakwama, atakunja uso, atakuambia "nilikuwa najua". Mwache ahangaike kidogo kabla ya kufungua, kwa sababu kule kuhangaika ndiko kunakojenga. Na usijidharau kwa kuishia P5. Kuuliza "halafu ikawaje?" hakuhitaji cheti. Daftari likifunguliwa ndilo litakalosahihisha.

Kesho yake amwulize mdogo wake maswali yale yale, baada ya siku tatu mrudie, wiki ijayo tena. Haya si mageni. Mjerumani Hermann Ebbinghaus aliyakuta mwaka 1885 kwa kujipima mwenyewe kwa silabi zisizo na maana: marudio 38 yaliyogawanywa katika siku tatu yalimfaa sawa na marudio 68 ya siku moja. Dakika 20 kila jioni zitamfaa kuliko saa tatu za Jumapili. Redio izimwe, na mjomba akitaka mpira akausikilize nje. Kijana anayefuata Arsenal hawezi kusikia goli linatangazwa akabaki na Ziwa Kyoga.

Sasa hii 224. Nimeipenda. Amezidisha 28 kwa 5, akapata 140, sawa. Amezidisha 28 kwa 3, akapata 84, sawa. Halafu amejumlisha 140 na 84. Ile 3 ya kwenye 35 ni makumi matatu, kwa hiyo 84 ilitakiwa kuwa 840, na jibu ni 980. Yaani hakukosea kuzidisha popote. Alipanga tarakimu vibaya, na hakuna kengele iliyolia kichwani kwamba 224 haiwezekani.

Kibandani kengele ingelia. Mwambie kuna mtu ana shilingi 35 za Kenya na leo tunabadilisha kwa 28. Kisha mwambie umempa 224. Atakucheka.

Hayuko peke yake. Recife, mji wa Brazil, watafiti watatu, Terezinha Nunes Carraher, David Carraher na Analúcia Schliemann, walikwenda sokoni wakajifanya wateja wa watoto wachuuzi watano, wa miaka 9 hadi 15. Walinunua nazi na ndimu na kuuliza bei za vitu vingi kwa pamoja. Watoto walipatia karibu mara 98 katika 100. Baadaye walipewa hesabu hizo hizo kwenye karatasi, namba tupu bila nazi, wakapatia kama 37. Utafiti ulichapishwa mwaka 1985. Ukichunguza njia zao utaona watoto hawakuwa na hesabu mbili kichwani, nzuri na mbaya. Sokoni walijumlisha vifungu vinavyoeleweka, tatu tatu au kumi kumi, na bei yenyewe iliwachunga. Kwenye karatasi walifuata kanuni ya shule ambayo maana yake haikuwakaa.

Kwa hiyo kabla hajashika kalamu, kila hesabu aipeleke kibandani. Vitu 35 vya 28: thelathini peke yake ni ngapi? 840. Basi jibu haliwezi kuwa chini ya hapo. Aandike makisio hayo pembeni kwa penseli, ndipo afanye ya mwalimu. Mwezi mmoja wa hivyo na utaona mwenyewe anafuta jibu baya kabla hujalifikia.

Usingizi. Saa tano usiku hadi saa kumi alfajiri ni saa tano. Wataalamu wa usingizi wanasema mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji saa 9 hadi 12. Kinachosomwa mchana ubongo unakipanga na kukiimarisha mtu akiwa amelala, na mtoto aliyelala nusu hana umakini wa kupokea cha kesho. Hizi prepu za giza zimekuwa fasheni, kila shule inaogopa kuonekana imelala kuliko jirani yake, na sijaona zikimfaa mtoto wa P6. Ongea na wazazi wenzako mwende watatu au wanne kwa mkuu wa shule, maana mzazi mmoja husahaulika mlangoni. Wakikaza, basi alale saa moja usiku, na hayo marudio ya usiku uyaache. Marudio ya dakika 20 yafanyike akitoka shule, akishakula.

Kuhusu fimbo nitasema kwa kifupi. Sheria ya Watoto ya Uganda ilivyorekebishwa mwaka 2016 imepiga marufuku adhabu ya viboko shuleni. Mwalimu anajua. Zaidi ya sheria, mtoto anayeogopa fimbo macho na mawazo yake yako kwenye mkono wa mwalimu, hayako kwenye ubao. Lakini usiende kwa vita, bado unamhitaji huyo mwalimu. Mfikie wakati ametulia, umwonyeshe kurasa mbili kama nilivyozitazama mimi, moja pembeni ya nyingine. Mwambie, "Mwalimu, nadhani haoni ubao, naomba akae mbele wakati nashughulikia macho." Darasa lenye watoto wengi hata mwalimu mzuri hawezi kuona haya peke yake, na wengi hulainika wakipewa sababu ya kushika.

Kuhusu kurudia P6, usiamue sasa. Mwache apate miwani kama itahitajika, apate muhula mmoja wa kuona ubao na kulala, ndipo utazame karatasi zake. Ukimrudisha leo, atarudia mwaka mzima akikodoa ubao ule ule, na mdogo wake atazidi kumsogelea, jambo ambalo kwa mvulana wa miaka 12 linauma kuliko kiboko.

Bweni vilevile. Cherehani usiiuze. Bweni litamwondolea kibanda, ambako anajifunza hesabu kuliko mahali pengine popote, na litamwondolea wewe wa kumwuliza "halafu ikawaje?" Toa nauli ya Tororo tu kwa sasa na uanze kuweka kando kidogo kidogo ya miwani. Nendeni siku ya katikati ya wiki, mfike mapema kwa sababu foleni huwa ndefu, na ubebe hilo daftari. Daktari akiona "Arusna" atakuelewa haraka.